Ohm 60 Hazitoshi

Fundi wa umeme wa malori, awe Malaba au Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, ana kipimo kimoja anachokiamini kuliko vyote. Anazima lori, anafungua kifuniko cha tundu la pini 9 chini ya dashibodi, anagusisha ncha za multimita kwenye pini C na pini D, kisha anasoma. Akipata ohm 60 anajua kwamba vile vizuizi viwili vya ohm 120, kimoja katika kila mwisho wa nyaya, vipo mahali pake na nyaya hazijakatika katikati. Akipata 120, kizuizi kimoja kimepotea. Akipata namba iliyo karibu na sufuri, nyaya zimegusana. Ni kipimo kizuri na cha haraka, hakihitaji kompyuta, na miaka niliyokaa katika kazi hii ya umeme wa magari makubwa mpakani imenionyesha jinsi kinavyomwokoa mtu na siku nzima ya kufungua bodi bure. Miaka hiyo hiyo imenifundisha pia kinapoishia. Ohm 60 zinakwambia kwamba ujumbe una njia. Hazikwambii utafika lini. Na katika lori la siku hizi, ambalo breki, injini, giaboksi na trela huambiana la kufanya kwa jumbe zinazopita katika mitandao mitatu au minne iliyounganishwa, ujumbe sahihi uliochelewa ni ujumbe mbovu. Ninachotaka kusema ni hiki: afya ya mitandao ya gari hupimwa kwa kuchelewa kukubwa zaidi kunakoweza kuupata ujumbe, na mahali pa kukutafuta kuchelewa huko ni pale mtandao mmoja unapoukabidhi ujumbe kwa mwingine.

Tuanze na nyaya zenyewe. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kubuni mtandao wa CAN mwaka 1983 na kuutangaza hadharani mjini Detroit, Februari 1986, wakati magari yalipokuwa yameanza kuelemewa na waya: kila sensa ilihitaji waya wake hadi kwenye kila kifaa kilichoitegemea. CAN ilileta nyaya mbili zilizosokotwa, ambazo kompyuta zote za gari hujiunga nazo na kusikia kila kinachosemwa. Watengenezaji wa malori walilichukua wazo hilo na kulijengea kanuni za J1939, ambazo kwa kawaida huenda kwa biti 250,000 kwa sekunde. Ndizo zile nyaya za njano na kijani ambazo mafundi wetu wanazitambua kwa rangi. Lakini lori halikubaki na mtandao mmoja. Breki za kielektroniki, kama zile ambazo lori la Actros lilikuja nazo mwaka 1996, zina nyaya zao. Swichi na taa ndogo hutumia mtandao wa bei nafuu uitwao LIN, usiozidi biti 20,000 kwa sekunde. Kati ya kichwa na trela yenye breki za kielektroniki kuna mtandao mwingine, wa kanuni za ISO 11992, unaokwenda kwa biti 125,000 kwa sekunde, yaani nusu ya kasi ya ule wa injini. Na katikati ya yote hayo ipo kompyuta moja au mbili ambazo kazi yake ni kupokea ujumbe upande huu na kuutoa upande ule. Hiyo nitaiita geti.

Ndani ya mtandao mmoja, utaratibu wa CAN unapendeza. Kila ujumbe hutanguliza namba yake, na namba hiyo ndiyo cheo chake. Kompyuta mbili zikianza kusema kwa wakati mmoja, namba zao hulinganishwa biti kwa biti zikiwa safarini. Sufuri huishinda moja, mwenye namba kubwa hunyamaza na kungoja zamu, na mwenzake huendelea kana kwamba hakuna aliyemwingilia. Hakuna mgongano unaopoteza maneno ya mtu. Katika J1939 biti 3 za kwanza ndizo za kipaumbele, kuanzia 0 kilicho cha juu hadi 7 kilicho cha chini. Jumbe za kuamrisha injini kwa kawaida hupewa 3, na habari za kawaida kama joto la maji hupewa 6. Lipo sharti moja tu lenye uzito: ujumbe ulioanza kutumwa haukatizwi. Mkubwa akifika kufumba na kufumbua baada ya mdogo kuanza, atamsubiri amalize. Kwa hiyo kuchelewa kwa ujumbe wowote kuna sehemu tatu, nazo ni kumsubiri mdogo mmoja aliyetangulia, kuwapisha wakubwa wote, na kusafiri kwenyewe.

Sehemu hizo zinahesabika kwa kalamu. Ujumbe wa J1939 wenye baiti 8, ukijumlisha na biti za ziada ambazo CAN huzipachika ili saa za kompyuta zisipotezane, haupiti biti 160. Kwa kasi ya biti 250,000 hiyo ni milisekunde 0.64. Tuchukue ujumbe mmoja wa kuamrisha breki ya injini, unaotumwa kila milisekunde 10, ambao ni lazima ufike kabla wa pili wake haujatumwa. Tuseme juu yake kuna jumbe 12 za cheo kikubwa zaidi: 4 za kila milisekunde 10, na 8 za kila milisekunde 50. Hali mbaya kuliko zote ni pale zote 12 zinapojitokeza kwa pamoja, mara tu baada ya ujumbe mmoja mdogo kuanza. Ujumbe wetu utasubiri 0.64 mara 13, yaani milisekunde 8.32, kisha utatumia 0.64 yake. Utafika kwenye 8.96. Umefika ndani ya wakati, ingawa kwa nafasi finyu. Sasa tazama mzigo: jumbe hizo 12 pamoja na wetu zinatumia takriban asilimia 42 ya uwezo wa nyaya. Mwenye kuitazama asilimia hiyo peke yake atasema nafasi iliyobaki ni zaidi ya nusu. Hesabu ya kuchelewa inasema imebaki milisekunde moja na ushei.

Tuvuke geti sasa. Katika hili mpaka wetu ni mwalimu. Barabara ya kutoka Webuye hadi Malaba haikuwa ndefu zaidi Januari 2022 kuliko ilivyokuwa mwezi uliotangulia, wala injini za malori hazikuwa zimedhoofika; lakini madereva walipogoma kupinga malipo ya kipimo cha korona upande wa Uganda, foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita na bei ya petroli Kampala ikapaa. Kwa upande mwingine, kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, hakuna kilomita hata moja iliyopunguzwa. Kilichopunguzwa ni kusimama mara mbili, kwa kuwa lori linaloingia Uganda huhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda, na linaloingia Kenya huhudumiwa upande wa Kenya. Anayeishi hapa hahitaji kuambiwa kwamba muda wa safari haupotelei barabarani. Unapotelea pale shehena inapotoka mikononi mwa mamlaka moja na kuingia mikononi mwa nyingine, na kiasi chake kinategemea jinsi foleni ilivyopangwa: je, tangi la mafuta na lori tupu vinapanga mstari mmoja?

Swali hilo hilo liulizwe geti la ndani ya lori. Kipaumbele cha CAN huulinda ujumbe ndani ya nyaya zake. Ukifika getini, ulinzi huo uko mikononi mwa aliyeandika programu ya geti. Akiwa amezipanga jumbe zote katika foleni moja, ya kwanza kuingia ikawa ya kwanza kutoka, ujumbe wa breki utakaa nyuma ya ujumbe wa joto la kabini, na cheo chake hakitaufaa kitu, kwa sababu aliye mbele ya foleni ni mdogo ambaye kila mmoja kwenye nyaya za upande wa pili humnyamazisha. Hali hiyo naiogopa kuliko kukatika kwa waya, maana waya uliokatika hujitangaza. Kuna na mzunguko wa geti lenyewe. Ikiwa programu yake huamka kila milisekunde 5 kuangalia kilichoingia, ujumbe mmoja utapita papo hapo na mwingine utakaa karibu milisekunde 5 nzima, na jumbe zilizoingia kwa mapengo sawa ya milisekunde 10 zitatoka upande wa pili zikiyumba. Turudi kwenye hesabu yetu. Tuseme mbili kati ya zile 4 za cheo kikubwa sasa zinatoka mtandao mwingine kupitia geti, na zinayumba kwa milisekunde 3. Toleo la pili la kila moja laweza kutokea milisekunde 7 tu baada ya la kwanza, ujumbe wetu ukiwa bado unangoja. Zinaongezeka 0.64 mbili. Kungoja kunakuwa 9.60, kufika kunakuwa 10.24. Ujumbe umechelewa. Hakuna ujumbe mpya ulioongezwa, mzigo ni ule ule wa asilimia 42, na multimita bado inasoma 60.

Ndiyo maana uchambuzi wa muda katika mitandao iliyounganishwa haukubali kufanywa kipande kipande. Kuyumba kunakozaliwa katika mtandao wa kwanza kunaingia katika hesabu ya wa pili, na jumbe zinazorudi kutoka wa pili zinaibadilisha hesabu ya wa kwanza. Ken Tindell na wenzake wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walionyesha mwaka 1994 namna ya kulitatua fundo hilo: anza na makisio madogo ya kuchelewa, hesabu kila mtandao, chukua kuyumba kulikopatikana uhesabu upya, na urudie hadi namba ziache kubadilika. Zikizidi kukua bila kusimama, mfumo huo hauwezi kuahidi lolote. Kazi yao haikuishia kwenye makaratasi; Volvo S80 ya mwaka 1998 ilijengwa kwa kutumia zana iliyotokana na hesabu hizo. Kisha mwaka 2007 Robert Davis, Alan Burns, Reinder Bril na Johan Lukkien wakachapisha makala iliyoonyesha kwamba hesabu ya 1994 ya mtandao mmoja wa CAN ilikuwa na tundu. Ilidhani kwamba katika kipindi cha msongamano toleo la kwanza la ujumbe ndilo linalochelewa kuliko yote. Lakini kwa kuwa ujumbe ulioanza haukatizwi, wakubwa waliozuiwa husogea mbele na kulilemea toleo la pili au la tatu, basi ni lazima matoleo yote ya kipindi hicho yahesabiwe. Burns mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioandika kazi ya awali, na kwangu hilo linaiongezea heshima. Zaidi ya miaka 10 ilikuwa imepita, magari yametembea, yamepimwa, yameuzwa, na barabara haikuligundua kosa ambalo kalamu ililigundua.

Hapo ndipo linapojibiwa pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi, kwamba lori limetoka Mombasa hadi Kampala na kurudi bila tatizo, kwa hiyo limeshapimwa. Kompyuta za lori hazina saa moja. Kila moja hutuma kwa saa yake, na saa hizo hupishana polepole, kwa hiyo ile bahati mbaya ya jumbe zote kujitokeza pamoja, nyuma ya mdogo mmoja, geti nalo likiwa ndiyo kwanza limefumba macho, yaweza isitokee katika safari nzima, ikatokea mara moja katika nyingine kwenye mteremko. Safari inakuonyesha yaliyotokea siku ile. Mwenzake wa pingamizi hilo ni yule anayesema hesabu ya hali mbaya kabisa imetiwa chumvi, na huyu ana sehemu ya haki. Ukijumlisha tu kuchelewa kukubwa kabisa kwa kila mtandao, unapata jumla ambayo huenda isitokee kamwe, kwa sababu hali mbaya ya huku haiendi lazima pamoja na hali mbaya ya kule. Kwa ujumbe wa kiasi cha mafuta tangini, nami nitatumia wastani na kulala usingizi. Kwa ujumbe wa breki, chumvi hiyo ndiyo bei ya ahadi, na ni bei ndogo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wanaozijua breki. Wanasema, na ni kweli, kwamba breki za kielektroniki za lori zina upepo wa akiba: elektroniki ikizimika, shinikizo la hewa bado linasimamisha gari. Wanaongeza kwamba kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa huupa upepo huo hadi sekunde 0.6 kufikisha asilimia 75 ya shinikizo kwenye breki iliyo mbali zaidi. Milisekunde moja ni nini mbele ya 600? Nakubali kwamba milisekunde moja haiui mtu. Lakini kuchelewa hakuji kumoja kumoja. Sensa husoma kila baada ya muda wake. Ujumbe ukikosa zamu kwa nukta, hungoja zamu nzima inayofuata. Ukiwa na hatua tatu za milisekunde 10, na kila hatua ikikosa zamu yake kisha ikachelewa hadi ukomo wake, habari inayofika mwisho yaweza kuwa na umri wa milisekunde 60. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori limeshasogea mita 1.3. Zito zaidi ni kwamba upepo wa akiba unajua kusimamisha tu, haujui kupatanisha. Magurudumu ya nyuma ya kichwa yakianza kuteleza kwenye lami iliyoloa, kompyuta ya breki huiambia breki ya injini iachie. Amri hiyo ikichelewa, kichwa kinaendelea kushikwa huku trela ikikisukuma kutoka nyuma, na hivyo ndivyo lori linavyoanza kukunjika. Sidai kwamba ajali hii au ile kwenye mteremko wa kati ya Mau Summit na Salgaa ilitokana na ujumbe uliochelewa. Mwendo, mzigo na breki zilizochoka vinatosha kueleza mengi. Nadai tu kwamba hatuna haki ya kuongeza sababu nyingine kwenye mteremko ule kwa mikono yetu.

Na mikono yetu imo. Mitandao ya lori hubuniwa mbali na hapa, na wahandisi waliokwisha kuifanyia hesabu, lakini lori linalofika Malaba haliko tena kama lilivyotoka kiwandani. Limeshafungwa kifaa cha kulifuatilia, kipimo cha mafuta ya tangi, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, pengine na kamera. Vingi kati ya hivyo huvuta habari kwenye nyaya za njano na kijani. Fundi hukwangua plastiki ya waya kiasi cha ukucha, husokotea waya mpya, huzungushia utepe mweusi, hupima, hupata ohm 60, hufunga. Kifaa kinachosikiliza tu hakimdhuru mtu. Kinachouliza maswali ni jambo jingine, maana kila swali huzaa jibu, na majibu yanayozidi baiti 8, kama namba ya chesisi, hukatwa vipande vinavyofuatana. Nakiri kwamba kama maswali hayo yana cheo cha chini, ndani ya mtandao huo hayawezi kumchelewesha mkubwa kwa zaidi ya 0.64 moja. Hiyo ndiyo kazi ya kipaumbele na inafanyika vizuri. Lakini yakivuka geti lenye foleni moja, yanasimama mbele ya breki. Kisha kuna kile kiungo cha waya chenyewe. CAN ikigundua kosa huutupa ujumbe, hulitangaza kosa kwa biti zisizozidi 31, na kuurudia ujumbe upya: biti 191, milisekunde 0.764. Ujumbe wetu wa 8.96 ukikutana na kosa moja utafika kwenye 9.72, makosa mawili, 10.49. Utepe ulioingia maji ya mvua unatosha. Tatizo lililoanza kuwa la umeme limegeuka kuwa la muda, na multimita, lori likiwa limezimwa, haina la kusema.

Nisieleweke kwamba nachukia vifaa vya nyongeza. Zile kufuli za elektroniki za mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena, ambao Kenya, Uganda na Rwanda ziliuanzisha mwaka 2017, naziheshimu. Kufuli hukaa mlangoni mwa kontena na betri yake, hutuma mahali ilipo kwa mtandao wa simu, na haina haja na nyaya za lori. Ujumbe wake ukichelewa dakika nzima, ushuru haupotei. Kila ujumbe una ukomo wake, na busara ni kutoupanga ujumbe wa dakika pamoja na ujumbe wa milisekunde. Watengenezaji sita wa Ulaya, yaani Daimler, MAN, Scania, Volvo, DAF na IVECO, waliliona hili mapema. Mwaka 2002 walikubaliana juu ya kiwango kiitwacho FMS, ambacho humpa mwenye kifaa cha ziada mlango wa pembeni. Mlangoni hapo geti la lori hutoa habari za mwendo, mafuta na kilomita, na mgeni haingii kwenye nyaya za ndani. Lori lenye mlango huo halina sababu ya kukwanguliwa waya.

Wapo wanaosema tungoje tu, kwa sababu magari mapya yanahamia mtandao wa Etheneti wa biti milioni 100 kwa sekunde na swali la kuchelewa litakufa lenyewe. Halitakufa. Kasi hufupisha kusafiri kwa kila ujumbe, lakini haipangi foleni. Ndani ya Etheneti kila kiunganishi ni geti lenye foleni zake, na ndiyo sababu taasisi ya IEEE ililazimika kuandika viwango vizima vya kupanga zamu za jumbe zenye haraka. Zaidi ya hayo, malori yatakayopita hapa kwa miaka mingi ijayo ni haya haya ya CAN, na trela zenye breki za kielektroniki zinazosema na kichwa kwa biti 125,000, ambako ujumbe mmoja mrefu hula milisekunde 1.28.

Limebaki lile la kwamba fundi wa mpakani hana elimu ya hesabu hizi, wala mtengenezaji hampi orodha ya jumbe zake. Hesabu nimeiweka hapo juu. Ni kuzidisha na kujumlisha, na kurudia hadi namba zitulie. Orodha ya jumbe za J1939 imechapishwa pamoja na vyeo na mapengo yake, na zile za siri za mtengenezaji zinaweza kusikilizwa kwa kompyuta ya mkononi na kiunganishi kilichowekwa kwenye hali ya kusikiliza tu: unaandika kila namba iliyopita na mapengo yake madogo kabisa, na hapo una sehemu kubwa ya unachohitaji. Kisichosikika ni kilicho ndani ya geti, foleni yake na mzunguko wake, na kwa kuwa hakisikiki, kanuni ya haki ni moja, kwamba chochote cha nyongeza kisitume ujumbe unaolivuka geti. Chuo Kikuu cha Alupe kiko kwenye barabara hii hii ya Busia kwenda Malaba, na vijana wa ufundi wa kaunti hii wanafunzwa kusoma ohm tangu mwaka wa kwanza. Wafundishwe pia kusoma milisekunde. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama nayo, inapokagua lori, iangalie kilichofungwa kwenye nyaya za mtandao na jinsi kilivyofungwa, kama inavyoangalia tairi. Nawe mwenye lori, kabla hujamlipa anayekufungia kifaa, muulize kinasikiliza tu au kinatuma. Na kama kinatuma, kwa cheo gani, kila baada ya milisekunde ngapi, na upande upi wa geti. Asiyeweza kukujibu asiziguse nyaya za lori lako.